Lubumbashi: mialiko ya mwezi wa nane, makuta ya shule ya mwezi wa tisa

Kuanzia mwezi wa sita hadi mwezi wa nane, ni vigumu Jumamosi kupita Lubumbashi bila msururu wa magari yenye riboni na honi. Ni msimu wa arusi. Ni msimu pia ambapo wazazi wengi wanashika kalamu na kuanza kuhesabu: mchango wa kamati, kikwembe cha sherehe, mshonaji, zawadi, taksi ya usiku. Na nyuma ya hayo yote, shule inasubiri na madaftari yake, viatu vyake na malipo yake ya kwanza. Furaha ya familia na masomo ya watoto vinagombania mfuko mmoja, tena katika wiki zile zile.

Kwa nini miezi hii na si mingine?

Sababu ya kwanza ni mvua. Katika Haut-Katanga mvua inaanza kukaza kuelekea mwezi wa kumi na moja na inapungua mwezi wa nne. Mtu anayefanyia sherehe ndani ya lupango lake, chini ya hema, na viti vya kukodi juu ya udongo, hawezi kuweka tarehe yake mwezi wa kwanza. Mvua moja tu inageuza lupango kuwa tope, na sahani zinakimbizwa ndani ya nyumba ya jirani. Wakati wa kiangazi, hata baridi ya usiku ya mwezi wa saba inavumilika: wamama wanajifunika shali, vijana wanacheza.

Sababu ya pili ni likizo. Watoto wako nyumbani, walimu wako huru, ndugu wanaweza kutoka Likasi, Kolwezi, Kamina au Kalemie. Wale wanaoishi Zambia wanapitia Kasumbalesa, na walio Ubelgiji au Afrika Kusini wanapanga tiketi zao kwa kipindi hicho. Familia iliyotawanyika inapata nafasi moja kwa mwaka ya kuonana uso kwa uso, na haitaki kuipoteza.

Ndiyo maana mambo yote yanarundikana pamoja. Siyo arusi peke yake. Kuna ubatizo, komunyo ya kwanza, jubilei ya ndoa ya wazazi, na furaha ya wale waliofaulu Exetat, ambao wanamwagiwa poda nyeupe kichwani hadi mtaa mzima unajua kwamba mtoto wa fulani amepata diploma. Kila moja ya furaha hizo ni nzuri. Tatizo ni kwamba zote zinagonga mlango mmoja.

Mwaliko wenye bei

Zamani mwaliko ulikuwa karatasi yenye jina lako. Leo, kwa ndugu na marafiki wa karibu, karatasi inakuja mwisho kabisa. Kwanza unaingizwa katika grupu ya WhatsApp. Hakuna aliyekuuliza. Unaamka asubuhi na kukuta kwamba wewe ni mjumbe wa kamati ya arusi ya mtoto wa binamu yako, pamoja na watu 80 ambao nusu yao huwajui. Ujumbe wa kwanza ni salamu na sala. Wa pili ni bajeti. Wa tatu ni namba za simu za kutumia makuta: moja ya M-Pesa, moja ya Airtel Money, moja ya Orange Money, ili mtu asipate kisingizio.

Halafu inakuja orodha. Jina, kiasi ulichoahidi, kiasi ulichotoa. Kila mara mtu anapolipa, orodha inaandikwa upya na kutumwa tena, na mbele ya jina lake inawekwa alama ya kijani. Wewe ambaye hujatoa, jina lako linabaki pale, tupu, likisomwa na shemeji, na wakwe, na jirani wa zamani. Hakuna anayekutukana. Lakini orodha inapita mara tatu kwa siku.

Wazee watasema kwamba hilo si jambo jipya. Kamati ilikuwepo, na daftari lilikuwepo. Mzee mmoja wa familia alikuwa anaandika nani ameleta nini: mbuzi, kreti ya Simba, gunia la unga, franka kadhaa. Daftari lile lilifungwa na kuwekwa ndani ya sanduku. Lilifunguliwa siku ambapo aliyetoa naye alikuwa na shughuli yake, ili arudishiwe kwa kiasi kile kile au zaidi. Tofauti ya leo ni kwamba daftari halifungwi tena. Liko ndani ya simu ya kila mtu, na linalia.

Kwa nini hatukatai?

Mtu wa mbali anaweza kuuliza: kama huna, si useme huna? Jibu liko katika historia ya mji wenyewe.

Lubumbashi ni mji uliozaliwa na shaba. Ulianzishwa mwaka 1910, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Kwa miaka mingi kampuni hiyo, na baadaye Gécamines, ilikuwa mwajiri na mlezi kwa wakati mmoja. Mfanyakazi alipata nyumba ndani ya kambi, posho ya unga, hospitali ya mke wake, shule ya watoto wake. Mtoto akizaliwa, kampuni ilijua. Mtu akifa, kampuni ilijua pia.

Ulinzi huo uliporomoka pamoja na Gécamines katika miaka ya 1990. Mwaka 2003, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zina baba, babu au mjomba aliyekuwa kati yao.

Tangu hapo, kwa watu wengi, bima iliyobaki ni ndugu na majirani. Anayekuchangia arusi ndiye atakayekuchangia hospitalini. Anayekaa kwenye meza yako akiwa na kikwembe chako ndiye atakayelala kwenye mkeka siku ya kilio nyumbani kwako. Watu wanajua hesabu hiyo bila kuiandika. Kwa hiyo anayetoa dola 20 kwa arusi ya mtoto wa jirani hanunui sahani ya kuku tu. Analipia nafasi yake katika mzunguko ambao siku moja utamrudia. Kukataa mara moja kunasameheka. Kukataa mara tatu ni kujitoa kwenye mzunguko, na nje ya mzunguko kuna baridi.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Anayeumia zaidi si tajiri, kwa sababu yeye anatoa na anasahau. Wala si maskini kabisa, kwa sababu kwake hakuna anayetegemea kitu. Anayeumia ni yule wa katikati: mwalimu, muuguzi, mama muuza unga sokoni, fundi, mfanyakazi wa kampuni ndogo inayofanya kazi kwa mkataba na migodi. Ana mshahara wa kutosha kuwekwa kwenye orodha, lakini hautoshi kumaliza orodha.

Kikwembe: yadi 6 za heshima

Baada ya mchango kunakuja kikwembe. Kila upande wa familia unachagua rangi yake: upande wa bwana arusi buluu, upande wa bibi arusi machungwa, marafiki wa bibi arusi kijani. Picha ya kitambaa inatumwa kwenye grupu pamoja na bei na jina la mama anayekigawa. Kipande kizima ni yadi 6, cha kutosha blauzi na vitambaa viwili vya kufunga. Anayebana matumizi ananunua nusu na kushona gauni.

Familia zenye uwezo zinachagua waksi ya Vlisco, inayotoka Uholanzi, ambako kampuni hiyo inapiga chapa vitambaa tangu 1846. Nyingi zinachukua ile inayotoka China, ambayo inafanana nayo kwa macho na ni nafuu sana. Hata hivyo, bei ya kitambaa siyo mwisho. Kuna mshonaji, ambaye mwezi wa nane amejaa kazi hadi shingoni. Atakuambia uje Alhamisi. Alhamisi atakuambia Ijumaa jioni. Ijumaa jioni umeme umekatika mtaani kwake na mashine yake imelala. Jumamosi saa nne asubuhi unavaa blauzi yenye mkono mmoja mpana kuliko mwingine, na ndivyo utakavyoonekana katika picha zote za familia.

Jambo linaloudhi zaidi ni kwamba kikwembe hicho hakivaliki tena kwa sherehe nyingine. Ukikivaa kwenye arusi ya upande mwingine, watu watacheka kwamba umekosea mlango. Kinakwenda kanisani mara mbili tatu, kisha kinakuwa nguo ya kupikia. Fungua sanduku la mama yeyote wa Katuba au Kampemba: utasoma humo historia ya arusi zote za ukoo, mwaka kwa mwaka, kitambaa kwa kitambaa.

Kulipa nako kuna shida yake. Bei inatajwa kwa dola, unalipa kwa dola, na dola yenyewe inakaguliwa kama mgonjwa. Mwaka huu, katika soko moja la mji, muuzaji alinirudishia noti ya dola 5 kwa sababu ya mpasuko pembeni ambao hata ukucha wangu haukuingia. Noti ya dola 1 wengi hawaipokei kabisa. Noti hizo zilizokataliwa zinazunguka ndani ya pochi miezi mingi, ni makuta ambayo ni makuta na si makuta, hadi upate wa kuzipokea kwa hasara.

Hesabu ya familia moja

Tuchukue mfano ili jambo lieleweke. Namba hizi si za uchunguzi wowote, ni za mfano tu, lakini kila msomaji anaweza kuweka zake.

Baba ni mwalimu, mama anauza unga. Wamealikwa kwenye sherehe 4 kati ya katikati ya mwezi wa saba na mwisho wa mwezi wa nane. Mchango wa dola 20 kila moja: 80. Vikwembe 2 vya bei nafuu, dola 25 kila kimoja: 50. Mshonaji, dola 15 kwa kila nguo: 30. Bahasha ndogo ya zawadi na usafiri wa kurudi usiku, dola 10 kila mara: 40. Jumla ni dola 200. Na hapo hatujahesabu viatu, nywele, wala mgeni aliyetoka Kamina na kulala wiki mbili sebuleni.

Sasa tugeuze ukurasa. Familia hiyo ina watoto 3. Mdogo yuko shule ya msingi ya serikali. Kwa huyo, masomo ni ya bure, kama Katiba ya 2006 inavyosema na kama serikali ilivyoanza kutekeleza kwa mwaka wa shule ulioanza mwezi wa tisa 2019. Lakini bure hiyo haimnunulii shati jeupe, suruali ya buluu, madaftari na begi. Wawili wakubwa wako sekondari, na huko wazazi wanalipa. Malipo ya kwanza yanadaiwa mapema, na mtoto ambaye hajalipa anajulikana: ni yule anayerudishwa nyumbani saa tatu asubuhi, akitembea polepole ili majirani wasimwone.

Dola 200 zilizokwenda kwenye Jumamosi 4 zingeweza kumzuia asirudishwe. Wazazi wanajua. Hakuna mzazi asiyejua. Ndiyo maana katika nyumba nyingi ugomvi wa mwezi wa nane hauhusu mapenzi wala wivu. Unahusu orodha ya WhatsApp. Baba anasema ni ndugu zangu, siwezi kuwaaibisha. Mama anasema ni watoto wako, unaweza kuwaaibisha? Na mara nyingine ni mama anayetaka kuchanga na baba anayeficha pochi.

Usiku wenyewe

Hebu tusiseme uongo: ukishafika, unafurahi. Lakini kufika kwenyewe ni safari.

Mwaliko umeandika saa kumi na mbili jioni kamili, na neno "kamili" limepigiwa mstari. Anayefika saa hiyo anakuta vijana wakibeba viti na fundi akijaribu maikrofoni. Bwana na bibi arusi wataingia saa tatu ya usiku. Protokoli, kijana mwenye suti nyembamba, anakutazama, anatazama karatasi, na kukupeleka kwenye meza ya nyuma karibu na spika. Meza ya mbele ina chupa za divai. Ya nyuma ina soda mbili za watu wanane. Kila mtu anaelewa orodha ile ya alama za kijani imefanya kazi gani.

Saa nne umeme unakatika. Jenereta inawashwa, inakohoa, inazima: kumbe aliyepewa makuta ya mafuta amenunua nusu. Watu wanawasha tochi za simu na kuendelea kuimba, na kusema kweli hicho ndicho kipindi kizuri cha usiku, kwa sababu hakuna spika na unaweza kumsikia shangazi uliyekaa naye.

Chakula kinafika karibu na usiku wa manane. Bukari, wali, samaki, kuku, sombe. Watoto wamelala juu ya viti. Kisha unafika wakati wa kwenda kucheza mbele na kuwabandika maarusi noti kwenye paji la uso, na hapo kila mtu anatafuta franka ndogo, zile za 500 zilizochoka, ili aonekane ametoa nyingi. Wa mwisho ni usafiri. Saa saba ya usiku taksi inaomba mara tatu ya bei ya mchana. Wanaokaa Ruashi au pembeni kabisa mwa komini ya Annexe wanabaki hadi mapambazuko, kwa sababu ya makuta na kwa sababu ya usalama.

Sheria inataka nini hasa?

Ni vizuri kukumbushana jambo ambalo kelele za kamati zinalifunika. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016, haimwombi mtu yeyote ukumbi wala keki ya ghorofa tano. Inataka maarusi wawe wametimiza miaka 18, wakubaliane wenyewe kwa hiari, na ndoa iandikwe mbele ya afisa wa serikali wa komini. Kuhusu mahari, ambayo huku kwetu tunaiita mali, sheria inasema ndoa inaweza kufungwa kama imelipwa angalau kwa sehemu. Haisemi lazima imalizike yote siku moja.

Mila zenyewe hazikuwa na haraka hiyo. Wazee wa makabila mengi ya Katanga wanajua msemo kwamba mali haiishi: mkwe anaendelea kuileta kidogo kidogo, na deni hilo ndilo linalomfanya arudi kusalimia. Kwa Wabemba, ambao wanahesabu ukoo upande wa mama, mjomba ana neno lake katika mazungumzo. Kilichoongezeka ni faktire, karatasi iliyopigwa kwa kompyuta yenye koti la baba, viatu vya mjomba, blanketi la bibi, sufuria, mbuzi, na kiasi cha dola chini yake kama kwenye duka. Mara nyingi kijana anayelipa faktire hiyo analipa kwa makuta ya michango. Kwa maneno mengine, jirani mwalimu amesaidia kununua viatu vya mjomba.

Kwa wengine, hatua zinazidi kuongezeka: kujitambulisha, mali, komini, kanisa, ukumbi, na siku hizi "kitchen party" iliyotufikia kutoka Zambia, ambapo wamama wanamletea bibi arusi vyombo vya jikoni na mafunzo ya ndoa. Kila hatua ina kikwembe chake.

Wanaojaribu njia nyingine

Hata hivyo mji haujakaa mikono mitupu. Familia kadhaa zimeanza kupunguza bila kuvunja undugu.

Baadhi zinafanya sherehe mchana, mara baada ya kanisa, ndani ya lupango. Saa kumi na mbili jioni wageni wanarudi kwa basi la kawaida, bila jenereta na bila taksi ya bei mara tatu. Nyingine zinaunganisha komini na mali siku moja, ili ndugu wa Kolwezi wasisafiri mara mbili.

Wengine wamerudia mchango wa vitu: huyu analeta mchele, yule mafuta, mwingine mikono yake jikoni. Mama anayeosha sahani mia mbili naye amechanga, na jina lake linawekwa alama ya kijani kama wengine.

Kuna wanaotangaza kikwembe miezi sita mbele, au wanaosema tu: vaeni rangi ya buluu mliyonayo sandukuni. Na kuna vikundi vya wamama vya likelemba, ambapo kila mwezi wanachama wanakusanya kiasi sawa na kumpa mmoja wao kwa zamu. Baadhi yao wamepanga zamu za mwezi wa nane ziende kwa wenye watoto wengi shuleni, na wamekubaliana kwamba makuta hayo hayaguswi kwa arusi yoyote, hata ya mtoto wa mwenyekiti.

Jambo gumu zaidi ni lile lisilohitaji makuta: kubadilisha orodha. Kamati inaweza kupokea michango bila kutangaza nani ametoa kiasi gani. Mweka hazina anajua, inatosha. Aliyetoa franka elfu mbili na aliyetoa dola mia wanakaa pamoja, na hakuna anayebaki nyumbani kwa aibu akisema ana malaria. Wapo wengi wa namna hiyo kila mwezi wa nane. Utawatambua Jumatatu: wanauliza arusi ilikuwaje, wanaomba picha, wanasema walitaka sana kuja.

Familia inayopanga sherehe ya mwaka ujao bado ina muda wa kuweka tarehe yake mwezi wa sita badala ya mwisho wa mwezi wa nane. Kiangazi ni kile kile, hema ni lile lile. Kwa mgeni mwenye watoto sekondari, wiki hizo kumi kabla ya shule kufunguliwa zina thamani kuliko meza ya mbele.